Mtaala Mmoja na Ardhi Zisizofanana

Miongoni mwa kazi ambazo taifa huikabidhi shule, ile ya kuwafundisha watoto namna ya kuishi na ardhi, maji na miti bila ya kuviharibu ni moja katika zile ambazo watu wote huzikubali kwa maneno na wachache huzitimiza kwa vitendo. Hapana waziri, mwalimu wala mzazi atakayesimama hadharani kuipinga. Walakini mtu akiuliza ni jambo gani hasa ambalo kijana aliyemaliza elimu ya msingi hulitenda leo, na ambalo asingelitenda lau asingalifundishwa, jibu aghalabu huja kwa kusitasita. Uchambuzi huu unakusudia kulitazama suala hilo katika nchi ya Tanzania, ambayo kwa upana wake na kwa hitilafu za sehemu zake ni mizani ngumu ya elimu ya namna hii. Na rai nitakayoitetea ni kwamba kasoro haiko katika uchache wa maarifa yaliyomo vitabuni, bali katika kudhani kuwa nchi yenye ardhi zisizofanana yaweza kufundishwa mazingira kwa majibu yanayofanana.

Ukubwa wa nchi hii, bara na visiwani, ni takriban kilomita za mraba 945,000, na lugha zinazosemwa ndani yake zapita 120. Mvua ya mwaka mzima mjini Dodoma aghalabu haifiki milimita 600, ilhali Bukoba, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria, hupata karibu mara tatu ya kadiri hiyo. Mtoto wa Kibiti hukulia jirani na delta ya Rufiji, penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, na mabishano anayoyasikia barazani ni baina ya wanaotaka kufyeka mikoko walime mpunga na wanaotaka isimame ili kamba na samaki wapate mazalia. Mtoto wa Longido huenda hajapata kuuona mkoko maishani mwake, lakini aweza kukueleza ni majani gani humwongezea ng'ombe maziwa na ni malisho gani wazee wameyafunga hadi kiangazi kikaze. Mwenziwe wa Geita huishi karibu na makarasha ya wachimbaji wadogo, ambako dhahabu hunaswa kwa zebaki. Na yule wa Jangwani, katika jiji la Dar es Salaam, hujua kwa macho yake mahali ambapo maji ya Mto Msimbazi hufika ukutani yanapofurika. Huko Mbinga, mtoto wa Kimatengo hupanda mlima kwenda shamba la ngoro, lililotobolewa vishimo vingi mfano wa sega ili mvua isishuke na udongo, ufundi ambao wazee wake waliujua kabla mtaalamu yeyote wa kilimo hajakanyaga huko. Watoto hawa wote husoma kitabu kimoja, na wote hujibu mtihani mmoja.

Kabla ya kuuhukumu mpango wa leo yafaa tukumbuke tulikotoka, maana jitihada za kuwafanya watu waitunze ardhi hazikuanza jana, na kila jitihada imeacha ibra yake. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza, ilipoona kuwa milima ya Uluguru inamomonyoka, iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Watu walitii kwa hofu, wakachoka kwa kazi ambayo hawakuona faida yake mashambani mwao, na mwaka 1955 ghasia zikazuka na mpango wenyewe ukaachwa. Baada ya uhuru njia nyingine zilijaribiwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Misitu ni Mali iliyofuata mwaka 1980, ziliwakusanya watu wazima katika vikundi mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya kijijini kwao. Na kwa hakika mpango ule ulikuwa na adabu ya elimu, kwa kuwa ulimpa msikilizaji haki ya kujibu. Lakini nguvu nayo haikuachwa. Katika vilima vya Kondoa Irangi, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, mifugo yote ilitolewa mwaka 1979. Makorongo yalianza kufunikwa na majani, naam, lakini ng'ombe wale hawakutoweka duniani, bali walikwenda kuzikanyaga ardhi za jirani.

Kinyume cha hayo kilitokea Shinyanga. Nchi ile ilikuwa imefyekwa misitu yake kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa vita dhidi ya mbung'o katika enzi ya ukoloni, na ilipofika miaka ya themanini watu walikuwa wakiiita jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 haukuja na dawa ngeni tu. Uliiona ngitili, ada ya Wasukuma ya kuyafunga malisho wakati wa masika ili yaliwe wakati wa kiangazi, ukaihuisha kwa msaada wa mabaraza ya jadi yanayojua kutunga sheria na kutoza faini. Katika muda usiofika miaka ishirini, zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti na majani. Mtu mwenye insafu atakiri kwamba hapa walimu walikuwa wengi na wengine hawakuwa na cheti: wazee wa ngitili, wachungaji, wanawake wanaojua kuni zimesogea umbali gani. Tofauti ya Uluguru na Shinyanga haikuwa tofauti ya sayansi, maana udongo huchukuliwa na maji kwa kanuni moja popote; ilikuwa tofauti ya mahali pa kuanzia.

Katika shule, wazo la kuanzia pale mtoto alipo lilitangazwa mapema. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Julius Nyerere mwezi wa Machi 1967, ulitaka kila shule iwe na shamba ama kazi ya uzalishaji, na, jambo ambalo husahauliwa, ulitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kupima matokeo ya kazi yao, si kuwa vibarua wake. Lau ungalitekelezwa kwa ukamilifu, shamba la shule lingalikuwa maabara bora ya mazingira kuliko zote: hapa pana mbolea ya samadi na pale haipo, tupime mavuno, msimu huu tumepanda kwa kukinga mteremko na msimu uliopita tulipanda kwa kuufuata, tutazame makorongo. Lakini katika shule nyingi hesabu iliachwa na jembe likabaki, na watoto wakajifunza kwamba ardhi ni mahali pa kutoka jasho kwa amri ya mwingine.

Sera ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1997 ilitaja matatizo makuu sita ya nchi: kuharibika kwa ardhi, ukosefu wa maji safi yanayofikika, uchafuzi, kupotea kwa makazi ya wanyamapori na bioanuwai, kudhoofika kwa mifumo ya maji, na kutoweka kwa misitu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ikafuata mwaka 2004. Mitaala nayo imepita mageuzi kadhaa. Kwa muda mrefu mazingira yalitawanywa katika masomo mengine, kidogo katika sayansi, kidogo katika maarifa ya jamii, kidogo katika uraia. Na katika mtaala mpya wa Tanzania Bara ulioanza kutumika mwaka 2024, mtoto wa darasa la tatu hukutana na somo liitwalo Jiografia na Mazingira, wakati Zanzibar ina wizara yake ya elimu na mitaala yake. Hoja ya kwamba mazingira yawe somo pekee au yaingie katika masomo yote imewachukua wataalamu muda mwingi. Kwangu hoja hiyo ni ya pili kwa uzito, maana somo laweza kuwa na jina lake na kipindi chake, na bado lisitoke nje ya mlango wa darasa.

Kinacholizuia kutoka ni mambo matatu, na la kwanza ni mtihani. Swali la kawaida humtaka mtahiniwa ataje athari tano za kukata miti ovyo, naye hujibu bila ya kupepesa macho: ukame, mmomonyoko wa udongo, kukauka kwa vyanzo vya maji, kutoweka kwa wanyama, kuongezeka kwa joto. Majibu hayo ni sahihi Kibiti, ni sahihi Longido, ni sahihi popote. Na kwa kuwa ni sahihi popote, hayamlazimu mtoto kujua chochote juu ya mahali alipo. Mwalimu mwenye akili, ambaye sifa ya shule yake hupimwa kwa wastani wa ufaulu, hawezi kulaumiwa akiona kwamba saa moja ya kukaririsha orodha ina faida kuliko saa tatu za kuwapeleka watoto mtoni.

La pili ni ugeni wa mwalimu. Utumishi wa nchi nzima, ambao umelijenga taifa kwa kuwachanganya watu wake, humpeleka mwalimu aliyezaliwa migombani Kagera akafundishe Masasi kwenye mikorosho, au wa Pwani akafundishe Hanang kwa watoto wa wafugaji. Ni fadhila kubwa kwa umoja, lakini katika somo hili mwalimu huingia darasani akijua kidogo kuliko wanafunzi wake. Fauka ya hayo, watoto wengi huyajua majina ya miti na majani kwa lugha ya mama, na mengi hayana jina linalofahamika katika Kiswahili cha kitabuni. Mtoto anayeijua mimea hamsini hunyamaza kwa sababu hana neno la kumwambia mwalimu, na mwalimu hudhani hajui kitu. Akifika sekondari, mazungumzo yote huhamia Kiingereza, na hata yale machache aliyoweza kuyaeleza huwa mageni tena.

La tatu, nalo ndilo zito, ni mwenendo wa shule yenyewe. Katika shule nyingi za vijijini mtoto ameagizwa kwa miaka mingi aje asubuhi na kijiti cha kuni kwa ajili ya uji au chakula cha mchana, kisha saa nne afundishwe kwamba kukata miti ni kosa. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziache kupikia kuni na mkaa, na agizo hilo, popote litakapotimizwa kweli, litafundisha kuliko sura nzima ya kitabu. Mtoto aliyechelewa huadhibiwa kwa kumwagilia miche, kufyeka majani au kuchimba shimo la taka, hata kazi ya kuyatunza mazingira ikawa alama ya mkosaji, na aliye mwema akatunukiwa kutoishika. Na uwanja wa shule hufagiwa kila siku mpaka ubaki udongo mtupu, kwa dhana ya kuwa jani ni uchafu. Mvua ya kwanza ikinyesha, uwanja huo huondoka kidogo kidogo.

Hapo hapo penye kasoro ndipo pana somo. Mwalimu hahitaji maabara. Achukue chupa mbili kubwa za plastiki zilizokatwa ubavuni, azijaze udongo wa uwanja ule, moja aifunike kwa nyasi na ya pili aiache wazi. Aziinamishe kwa kadiri moja juu ya tofali, amwagie kila moja kikombe kimoja cha maji, na chini ya mdomo wa kila chupa akinge kopo. Kopo la kwanza litapata maji machache yaliyo karibu kuwa safi; la pili litapata mengi, yaliyotifuka udongo. Kisha awatoe watoto nyuma ya darasa, pale maji ya paa yanapoangukia, awaoneshe msingi uliofukuliwa na mvua, wapime kwa rula ni sentimita ngapi za msingi zimebaki uchi, waulize shule ilijengwa mwaka gani, wagawanye. Katika kipindi kimoja watoto watakuwa wamefanya sayansi, hesabu na historia ya shule yao, na watakuwa na haki ya kumuuliza mwalimu mkuu kwa nini uwanja haupandwi majani. Swali hilo la mwisho ndilo matunda ya somo. Shule isiyoweza kulistahimili haifundishi mazingira, inayasimulia tu.

Visiwani ipo mifano miwili inayostahili kutazamwa. Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu miaka ya tisini, hupokea wanafunzi wa shule za Zanzibar wanaoingizwa majini wakiwa na miwani ya kuogelea wayaone matumbawe. Na wengi wao, wasichana hasa, walikuwa wamezaliwa ufukweni bila ya kupata kutazama chini ya uso wa bahari inayowalisha. Na katika kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, ambako uvuvi haribifu ulikuwa umekaidi makatazo ya serikali, jitihada zilifanywa za kuwafikia wavuvi kwa njia ya dini, masheikh na walimu wakieleza kuwa mwanadamu ni khalifa juu ya ardhi, kwamba neema ni amana, na kwamba israfu ni haramu baharini kama ilivyo nyumbani. Sisemi kuwa mahubiri hushika mahali pa sayansi. Nasema kwamba sayansi ilipata mlango, na mlango huo ulikuwa tayari katika imani ya watu.

Kutokana na mifano hii naona kanuni moja: kinachofaa kuwa kimoja kwa nchi nzima ni maswali, na kinachofaa kuwa tofauti ni majibu. Wizara yaweza kuamuru kwamba kila mtoto, popote alipo, ajue kujibu kwa ushahidi maji ya kwao yatoka wapi na yaenda wapi; udongo wa kwao unaongezeka au unapungua; ni mmea gani au mnyama gani ambaye babu zake walimwona naye hamwoni; taka za nyumbani mwao huishia wapi; na ni nani mwenye mamlaka ya kuamua juu ya mambo hayo. Mtaala wa namna hii ni wa taifa, tena ni mgumu kuliko wa kutaja athari tano, lakini hauwezi kujibiwa kwa kukariri, na humgeuza mwalimu mgeni kuwa mtafiti pamoja na wanafunzi wake badala ya kumfedhehesha.

Zipo pingamizi, na si za kupuuzwa. Ya kwanza husema kwamba ada za wazee si zote njema, nami nakubali. Kuchoma mbuga kila mwaka bila ya mpango ni mazoea, na wako wakulima wanaolima mpaka ukingoni mwa mto kwa kuwa baba zao walifanya hivyo. Hata ngitili, pamoja na adhama yake, ilimfaa zaidi mwenye ardhi nyingi kuliko asiye nayo. Ndiyo sababu nataka majibu ya ushahidi, si ya heshima: mzee aulizwe, kisha kauli yake ipimwe kama ya kitabu inavyopimwa.

Ya pili husema kwamba mtoto aliyefundishwa ya kwao tu hataujua ulimwengu. Lakini ya kwao, yakifuatwa vizuri, humtoa kwao. Mtoto wa Ukerewe anayeuliza kwa nini furu wa babu yake wamekwisha atafika kwa sangara aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria zama za ukoloni, na kwa sangara atafika Kenya, Uganda na viwanda vya minofu vinavyouza ng'ambo. Mtoto wa Moshi akiuliza kwa nini barafu ya Kilimanjaro, iliyopotea kwa zaidi ya asilimia themanini tangu ipimwe mwaka 1912, inazidi kupungua, atalazimika kuuzungumza moshi wa nchi asizozijua. Na mtoto wa Dar es Salaam akilifuata gunia la mkaa nyuma, litampeleka hadi kwenye misitu ya Kilwa au Morogoro. Hapo mwalimu awe na hadhari, asije akamfanya mtoto amdharau mama yake anayepikia mkaa. Amfundishe badala yake kulinganisha bei ya gesi na kipato cha nyumbani, ajue kwamba uharibifu mwingi hutendwa na watu wenye akili timamu walionyimwa njia nyingine.

Ya tatu ni ya gharama na wingi wa watoto. Tangu ada ya shule ilipofutwa, kwanza katika shule za msingi na baadaye hadi kidato cha nne, madarasa yamejaa, na mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kuwachukua wote mtoni kwa usalama. Ni kweli, lakini chupa mbili na rula havihitaji basi, na msingi wa darasa uko hatua kumi kutoka ubaoni. Vilabu kama vile vya Malihai, na vile vya Roots and Shoots ambavyo Jane Goodall alivianzisha Dar es Salaam mwaka 1991, vimeonyesha kwamba vijana wachache waweza kufanya mengi kwa mali kidogo; upungufu wa vilabu ni kuwa huwafikia walio na hamu tayari, ilhali darasa huwafikia wote.

Kwa hiyo, lau ningeulizwa nianze wapi, nisingeanza na kitabu kipya wala semina nyingine, bali na karatasi ya mtihani. Swali moja tu la lazima, likimtaka mtahiniwa aeleze badiliko moja la ardhi au maji katika kata yake, jinsi alivyolipima, aliyemuuliza, na analopendekeza kwa serikali ya kijiji au ya mtaa, lingetosha kugeuza mafundisho ya nchi nzima. Kusahihisha kwake kutakuwa kugumu, na watahini watahitaji kupima hoja badala ya kuhesabu vipengele. Lakini ugumu huo ni wa watu wachache waliosomea kazi hiyo, ilhali uzito wa mpango wa sasa huwaangukia watoto wote. Walimu hufundisha kile kinachoulizwa, nao hawana kosa katika hilo. Taifa likiuliza juu ya dunia isiyo na mahali, litajibiwa kwa orodha. Likiuliza juu ya Kibiti, Longido na Jangwani, walimu watatoka nje na watoto wao bila ya kungoja waraka.